Mstari Niliouruka

Kwa Mama, juu ya Maji ya Chai,
Meru, Posta ya Arusha.
Jumapili, 9 Mei 1954

Mpendwa mdogo wangu Yoeli,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani huko Mbozi? Kile kifua chako cha baridi kimepoa? Na chakula unakula? Nakujua mimi, ukishikwa na jambo unakunywa chai kavu kutwa nzima na kujidai umeshiba. Tafadhali kula, hata kama chakula hakina ladha. Blanketi nililokutumia kwa yule dereva wa lori sijui kama lilifika, maana dereva mwenyewe alikuwa na macho ya kutoaminika.

Hapa ndipo barua hutaka niandike kwamba sisi huku hatujambo. Leo siandiki hivyo. Mama mwili wake hajambo, magoti tu. Hanna mwanao ni mzima kabisa, anakimbia kihamba kizima, migombani na mibunini, na kuvuta mkia wa ndama. Mimi nina kovu mkono wa kulia, nitakueleza nimelipata wapi. Kuhusu mioyo yetu usiniulize.

Kwanza nijibu swali lako, kabla sijaingiwa na woga. Katika barua yako ya Aprili ulisema hukumbuki tena kama ulituambia tuichome ile mifupa kabla ya kuitwanga, au hukutuambia. Ulisema unalala na swali hilo na kuamka nalo. Uliandika, Yoeli. Ukurasa wa pili, mstari wa sita kutoka juu, kwa mkono wako na wino wako wa buluu: "Mifupa ichomwe kwanza mpaka iwe myeupe kama chokaa, isitwangwe mibichi." Hukumuua mkeo. Baba mdogo Anaeli alipokuandikia kwamba umemuua Lydia kwa barua, alikuandikia asichokijua. Mstari ule niliuruka mimi.

Kama umesimama, kaa. Sasa nitasema yote, na nitayasema kwa utaratibu, maana nikianza kulia karatasi italowa na karatasi yenyewe ni ya kuazima.

Unaijua kazi yangu hapa kilimani. Tangu nilipotoka shule ya misheni, darasa la nne, barua zote za ukoo na za majirani husomwa na mimi. Watu huja na bahasha zao baada ya ibada, wanakaa kwenye gogo mbele ya jiko la Mama, nami nawasomea. Nilipofiwa na mume wangu nikarudi hapa, na wewe ukasema mbele ya wote kwamba nyumba ya Mama ni nyumba yangu, niliendelea na kazi hiyo hiyo. Watu walinisifu. Eti Tabea ana ulimi mzuri, barua akiisoma yeye haiumi.

Haikuuma kwa sababu nilikuwa naipunguza. Kijana akimtukana baba yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, nilisoma kwamba anamsalimu sana. Evaresta alipoandika kutoka Kibosho kwamba mumewe anampiga, nilimsomea mama yake kwamba huko mvua ni nyingi mwaka huu. Hata zako nilizipunguza. Mwaka juzi ulipolazwa na homa, Mama alisikia kwamba umepewa nyumba ya bati. Nilijiona natenda wema, mimi na kiherehere changu, nikazoea hata sikuona tena kwamba nafanya.

Barua yako ya Januari ilifika wakati kila mtu hapa ameshikwa na wazimu wa kahawa. Mibuni yetu ya upande wa mto ilikuwa imechoka, majani ya manjano, na ya jirani inapendeza. Ukatuandikia kwamba huko kwenye shamba la kahawa unakofanya kazi mzungu wako anaweka unga wa mifupa mashinani, na matawi yanainama kwa matunda. Nilisoma jioni, jua bado lipo. Mama alikuwa anachambua maharage. Lydia alikaa kizingitini, Hanna mgongoni, akasikiliza barua ya mumewe bila hata kupepesa macho. Nikamaliza ukurasa wa kwanza, nikageuza, nikafika mstari wa sita.

Na wewe unamjua Mama na mifupa. Katika nyumba hii mfupa wa ng'ombe hauendi motoni. Bibi alikataza, Mama akakataza, kwamba mfupa wa ng'ombe ukiungua, zizi linakauka, mitamba haishiki mimba, maziwa yanakatika. Mama amebatizwa, anaimba nyimbo zote za ibada bila kitabu, lakini hilo halijamtoka. Unakumbuka alivyokuchapa siku uliyotupa ule mfupa wa paja jikoni? Aliutoa kwenye makaa kwa mkono mtupu, akaungua, kisha ndiyo akakuchapa.

Nilijua nikitamka tu neno "ichomwe", mambo yamekwisha. Mama angekataa mifupa isikanyage hata ua wake. Lydia angenuna, Mama angenuna, na mimi ningekaa katikati yao siku tatu nikipeleka maneno jikoni na kuyarudisha. Uvivu wa ugomvi, Yoeli. Macho yangu yakateleza mpaka mstari wa saba, nikasoma: "Mkishatwanga mchekeche vizuri, kila shina kopo moja." Sauti haikukwama hata kidogo.

Nilikusudia kumwambia Lydia pembeni. Mungu ananiona, nilikusudia. Lakini kesho yake nikafikiri habari ya kuni. Kuchoma magunia ya mifupa kunataka kuni za juma zima, na huko msituni kuna askari wa misitu. Tena moshi wake Mama angeunusa hata akiwa kanisani. Nikajisemea kuchoma ni kwa ajili ya kuilainisha tu, na sisi mikono tunayo. Hukuandika sababu, lakini sikulaumu. Mtu mwenye akili, akiambiwa isitwangwe mibichi, hatwangi mibichi.

Mimi na Lydia tulishuka nyikani na punda wawili mpaka kwa Lerionka, yule rafiki wa marehemu Baba. Alikuwa amehama na mifugo tangu ukame, tukamkuta mkewe Namelok peke yake na mbuzi. Tukamwuliza habari za mifupa, akacheka, akasema mifupa haina mwenyewe, chukueni. Tuliokota siku mbili. Karibu na lile bwawa lililokauka tukaikuta mingi imelala mahali pamoja, mizima, mingine bado ina ngozi. Lydia akasema, "Wifi, angalia, Mungu ametukusanyia." Tukajaza magunia tisa.

Mimi nilivunja kwa shoka na kubeba. Lydia alitwanga. Alitwanga katika kile kinu cha zamani kilichokuwa nyuma ya zizi, akachekecha kwa chekeche la unga, siku nne mfululizo. Vumbi lilimkaa kwenye nyusi na kope akawa kama bibi kizee. Hanna alikuwa akimwona anakimbilia kwa Mama, anamwogopa huku anamcheka. Siku ya kwanza alijifunga kanga puani, siku ya pili akaivua kwa sababu ya joto. Alikuwa anaimba. Kila shina alilotilia kopo lake alilitaja jina: hili la shule ya Hanna, hili la bati, hili la nauli ya Yoeli.

Siku ya tano akashikwa na mafua. Homa kidogo, kifua kinabana. Akasema ni vumbi, nami nikasema ni vumbi. Mama akampikia majani yake yale machungu. Akalala siku mbili.

Siku ya tatu akaamka mzima. Mzima kabisa, Yoeli! Akapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akala bakuli zima, akamsuka Hanna nywele, akanitania kwamba mimi ni mvivu wa mchi, ndiyo maana mume wangu alikufa mwembamba. Tukacheka mpaka Mama akatukaripia. Akaenda akatwanga debe moja la mashina machache yaliyobaki, magunia mengine akayaacha. Siku hiyo inanitesa kuliko zote. Ndiyo siku ambayo tungemkimbiza hospitali, na sisi tulikuwa tunacheka.

Kesho yake asubuhi pumzi haikushuka. Midomo ikageuka rangi, shingo ikavimba, jasho linamtoka na mwili wa baridi. Baba mdogo Anaeli alikuja na wanaume wanne, wakambeba kwa machela kwenda hospitali. Baba mdogo anakulaumu, ni kweli, lakini siku ile alibeba na yeye, na umri wake ule, hakukubali kupokewa. Tulifika mtoni. Hatukuvuka. Alinishika mkono akasema, "Wifi, mwambie Yoeli mashina ya mtoni yote nimeyamaliza." Halafu akatafuta hewa, akaikosa. Ilikuwa saa nne, Ijumaa, tarehe ishirini na sita Februari. Maneno hayo hukuletewa na mtu, kwa hiyo nakuletea mimi, na nakuomba radhi kwa kuchelewa.

Tulimzika upande wa juu wa kihamba, karibu na Baba. Kaburi liko mbali na ile mibuni, usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Siku ya maziko nilikuwa na kipele mkononi, hapa chini ya kiwiko, ambapo gunia lilikuwa linanikwaruza. Kilikuwa kinawasha tu. Siku mbili baadaye kikawa lengelenge, kisha katikati kikaingia weusi, weusi wa mkaa, na mkono ukavimba mpaka begani. Ajabu ni kwamba kidonda chenyewe hakikuuma. Nilikibonyeza hivi, sikusikia kitu. Mama akaniambia niende hospitali, nikaenda shingo upande, nikidhani watanipaka dawa nyekundu nirudi.

Daktari alikitazama bila kukigusa. Akaniuliza kama nimechuna mnyama aliyekufa. Nikasema hapana. Ngozi? Hapana. Mifupa? Hapo nikasema ndiyo. Akaniambia ni kimeta, ule ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla, na kwamba mbegu yake hukaa katika mfupa na udongo miaka na miaka, inangoja tu. Ikiingia kwenye mkwaruzo inafanya kidonda kama changu, ambacho sindano za penisilini zinaweza kukishinda. Ikivutwa puani pamoja na vumbi inakwenda ndani kifuani, na huko mara nyingi mtu hawahiwi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Mliichoma kwanza?"

Nilimjibu hapana. Nililala pale siku tisa nikidungwa sindano, na hilo neno "hapana" likawa linanirudia kila nikifumba macho.

Niliporudi ukoo ulikaa. Baba mdogo Anaeli akauliza mbele ya wazee ni nani aliyeileta habari ya mifupa katika nyumba hii. Wote wakanitazama, maana mimi ndiye mwenye barua. Nikasema, "Ni Yoeli aliandika." Maneno matatu. Ni kweli na ni uongo mkubwa kuliko wote niliousema maishani. Barua yako ilikuwa ndani ya Biblia yangu, hatua kumi kutoka pale tulipokaa, na sikuinuka kwenda kuichukua. Baba mdogo akatikisa kichwa, akaomba kalamu na karatasi. Yaliyofuata unayajua, uliyapokea.

Lerionka alikuja kuhani mwezi wa Machi. Alisimama nje ya ua, hakutaka kuingia. Akasema wale ng'ombe wa bwawani walikufa kumi na mmoja kwa siku mbili, matumbo yamevimba, damu inatoka puani na haigandi, na ndiyo maana alihama. Watu wake hawagusi chochote cha mahali kama pale. Namelok alidhani sote tunajua. Yule mzee alilia, mdogo wangu, akiegemea fimbo yake, na hakuwa na kosa lolote la kulilia. Na mimi mwenye kosa nikamkaribisha maziwa.

Basi ikaja barua yako ya Aprili. Mama alikaa kwenye gogo, Hanna mapajani. Nikafungua. Umeandika kwamba hutarudi tena Meru. Umeandika tumwambie Hanna kwamba baba yake naye amekufa, ili asije akakua akijua ni nani aliyemuua mama yake. Na lile swali lako. Unajua nilisoma nini? Nilisoma kwamba hujambo, kazi ni nyingi, baridi ni kali, unasalimu wote.

Mama alimshusha Hanna chini. Kisha akauliza, "Na mkewe? Mwanangu hakumlilia mkewe?"

Nilifungua mdomo nikutungie machozi, Yoeli. Nikutungie machozi wakati yako yamo pale kwenye karatasi, wino umechuruzika! Sikuweza. Nikaanguka chini pale pale, nikamwambia Mama yote, la Aprili na la Januari, nikaenda nikaleta Biblia.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliingia ndani akatoka na kikapu cha kahawa, akaniuliza barua ya Januari ina mistari mingapi. Nikahesabu. Akahesabu punje idadi hiyo hiyo, akazipanga juu ya ungo, akasema, "Soma. Kila mstari nionyeshe kwa kidole." Nikawa nasoma, naye kila mstari anaondoa punje moja. Tulipofika ule wa sita wa ukurasa wa pili aliishika punje mkononi muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulinificha kwa sababu ungenisomea ningekataa. Kweli ningekataa. Mifupa ningeitupa yote mtoni. Na Lydia angekuwa anapika sasa hivi."

Nimelifikiria neno hilo kwa pande zote na halina mlango wa kutokea.

Bwana mifugo alichelewa kwa sababu ya mvua na barabara, akafika mwisho wa Aprili na chokaa na mafuta ya taa. Magunia manne yalikuwa bado nyuma ya zizi, tumeyafunika migomba, hakuna aliyethubutu kusogea. Alichimbisha shimo la kina cha mtu, yakaingia humo magunia, kinu, mchi, chekeche, kanga za Lydia alizotwangia. Akamwaga mafuta, akapapasa mifuko, kiberiti kimelowa. Tukasimama. Mama ndiye aliyekwenda jikoni, akaleta kaa la moto kwenye kigae, akalitupa mwenyewe. Hakugeuka mpaka mifupa ikawa myeupe.

Kesho yake alfajiri alikamua kama kawaida. Akaja akaniwekea kibuyu cha maziwa mbele yangu, kimejaa mpaka shingoni. Nikakiinua kwa mikono miwili.

Ile mibuni ya mtoni hatuigusi mwaka huu. Bwana mifugo amezuia kupalilia pale, kufunga mnyama, hata kukata majani. Ng'ombe wetu wote wamedungwa sindano. Mashina yenyewe, nikuambie ukweli, yamechanua kuliko ya mtu yeyote kilimani, meupe tupu, yananukia hadi barabarani. Watu wakipita wanageuza uso.

Na wewe nisikilize, hapa naongea kama dada yako mkubwa. Kama kazi yako huko bado ni ya mifupa, au damu iliyokaushwa, au kwato, usiamini kwamba imechomwa kwa sababu mtu amekuambia. Iangalie. Funga kitambaa puani hata kama jua linawaka na wenzako wanakucheka. Funika mikono. Vumbi lilowekwe maji kabla ya kuguswa. Ukiona kipele kinachowasha, kikaingia weusi na hakiumi, usingoje maumivu, kimbia kwa daktari siku hiyo hiyo, umwambie bila kuulizwa kwamba unashika mifupa. Hata samadi ya kawaida usiishike ukiwa na jeraha, dresa wa zahanati ya hapa ameniambia inaleta pepopunda. Waambie na wenzako, wasomee hii.

Leo baada ya ibada nilimwomba Baba mdogo anipe nafasi. Nilisimama mbele ya ukoo na majirani pale nje, nikasoma barua yako ya Januari yote, halafu nikaeleza. Baba mdogo akaichukua barua, akavaa miwani, akausoma ule mstari mwenyewe mara mbili. Akaikunja. Akasema atakuandikia, na kwamba itamchukua siku kadhaa kwa sababu hajawahi kuandika barua ya namna hiyo. Mama yake Evaresta aliniuliza mbele ya watu, "Na mwanangu aliandika nini kweli?" Nikamwambia. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi.

Kwa hiyo hakuna anayeniletea barua tena. Bahasha zimekwenda kwa mwalimu. Gogo liko tupu tangu mchana huu, na ni haki yangu.

Lakini kuna jambo moja nakuomba, na siombi kwa ajili yangu. Hanna ameanza kuniita mama. Juzi aliniita hivyo mbele ya kaburi, nikashindwa kuitika. Siwezi kuitika, Yoeli, kwa mdomo huu. Anahitaji mtu mmoja katika nyumba hii ambaye akimwambia habari za mama yake hatazipunguza, wala hatakuwa na sababu ya kuzipunguza. Njoo. Kama hutaki kuniona, niambie, nitahamia kwa shemeji zangu kabla hujafika. Kama utataka kunipiga, nitasimama.

Ndani ya bahasha hii nimekunja barua yako mwenyewe. Ukurasa wa pili, mstari wa sita. Sikuupigia alama, nimeogopa kuugusa. Uutazame kwa macho yako, kisha ulale usingizi.

Baba mdogo Anaeli anakusalimu, safari hii kwa kweli. Lerionka na Namelok wanakusalimu, wamekuwekea mbuzi. Mwalimu anakusalimu, na karatasi hizi ni zake. Hanna nimemwuliza anakuletea nini, akasema ndama, na mkia wake. Mungu akufunike huko uliko, akutengenezee njia ya kurudi, na amweke Lydia mahali ambapo pumzi ni nyingi.

Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Mama barua hii nzima, nikimwonyesha kwa kidole. Alikuwa na punje zake kwenye ungo. Amenisimamisha mara moja tu, pale pa kibuyu, akafuta macho kwa upande wa kanga, akasema niendelee. Zimekwisha zote, haikubaki hata moja. Ameniambia niongeze mstari mmoja wake, na nimemwekea punje yake: "Mwanangu, hukukosa. Njoo nyumbani."

Ni mimi dada yako nikupendaye, ukinitaka na usiponitaka,

Tabea